Kabla ya kuchagua bahari, fungua daftari lako la mbizi

Msomaji mmoja ameandika kwamba ana cheti cha daraja la kwanza cha kuzamia kwa mtungi, ameshapiga mbizi tisa, zote miaka miwili iliyopita, na sasa amepata likizo ya siku kumi mwezi Agosti. Ametaja sehemu tatu: Galápagos ya Ekwado, Komodo ya Indonesia, na Maldives. Anauliza ipi ni nzuri kuliko zote.

Ndugu yangu, bahari nzuri kuliko zote haipo. Ipo bahari inayomfaa mtu fulani, katika mwezi fulani, kwa kiwango alicho nacho leo. Majibu mengi ya swali hili huwa ni picha tu, na picha ya papa potwe haikwambii maji yalikuwa na baridi kiasi gani wala mkondo ulikuwa unakokota vipi. Kwa hiyo anza na daftari lako: mbizi ngapi, lini ya mwisho, kina gani, ulitoka majini ukiwa na hewa kiasi gani.

Cheti cha daraja la kwanza kinakuruhusu kushuka mita 18. Daraja linalofuata ni mita 30, na ukomo wa uzamiaji wa starehe ni mita 40. Wengi husoma namba hizi kama kibali tu, wakasahau kwamba ni hesabu ya hewa. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha kanieneo, yaani mgandamizo): una lita 2,400 za hewa. Acha bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Juu ya maji kanieneo ni bar moja, na kila mita 10 unazoshuka huongeza bar moja nyingine, kwa hiyo kwenye mita 10 mtu huyo anatumia lita 40 kwa dakika na ana dakika 45. Kwenye mita 30 anatumia lita 80, na dakika zake zimebaki 22. Sasa mchukue mgeni mwenye wasiwasi, anayepigana na mkondo, anayevuta lita 30 badala ya 20. Kwenye mita 30 ana robo saa tu, na humo ndani hatujatoa hewa ya kupandia taratibu wala ya kusimama mita 5 kwa dakika tatu.

Ndiyo maana sehemu yenye mwamba mzuri kati ya mita 5 na 15 ina thamani kubwa kwa mzamiaji mchanga kuliko sehemu yenye sifa inayoanzia mita 25. Rangi nyingi za matumbawe ziko huko juu hata hivyo, kwa kuwa mwanga mwekundu hufa mapema majini.

Lakini kina si tatizo kubwa kama mkondo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu vyeti havipimi mkondo. Komodo iko kwenye mlango wa bahari kati ya visiwa vya Sumbawa na Flores, na maji ya bahari mbili hupita hapo yakibanana kati ya visiwa. Ukiwa hapo siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanakwenda kwa nguvu kuliko uwezo wa mapezi yako. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, sehemu hiyohiyo inaweza kuwa tulivu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulipa tazama kalenda ya mwezi. Ni bure, na inasema ukweli kuliko tangazo lolote. Kama huna budi kwenda sehemu yenye mikondo mikali, panga siku zako za kwanza ziangukie maji mafu.

Jambo la kuhofia zaidi ni mkondo unaoshuka. Unaonekana kabla hujausikia: mapovu ya mwenzako, badala ya kupanda, yanazunguka na kuteremka. Samaki wote wameelekeza vichwa juu. Anayepigania kwenda juu kwa mapezi humaliza hewa. Dawa yake ni kuogelea kwa ubavu, kuupa mwamba mgongo na kuelekea maji wazi, kuongeza hewa kidogo kwenye fulana ya kuelea, na kuitoa haraka mara mkondo unapokuachia ili usirushwe juu kama kizibo. Maelezo haya yanasomeka vizuri. Kuyatekeleza ukiwa na mbizi tisa ni habari nyingine.

Galápagos ni ngumu zaidi. Wolf na Darwin, visiwa ambako pingusi, papa wenye kichwa kama nyundo, hupita kwa makundi, hufikiwa kwa boti za kulala baharini tu. Papa potwe huonekana huko zaidi kati ya Juni na Novemba, na hiyo ndiyo miezi ya maji baridi. Wazamiaji hushuka moja kwa moja bila kamba, hujishikilia kwenye mwamba uliojaa makombe makali, na mawimbi ya chini huwasukuma mbele na nyuma. Wanavaa vazi la mpira la milimita 7, kofia na glavu. Hapa jibu ni hapana, na ni hapana ya mwaka huu, si ya maisha yote. Fikisha kwanza mbizi 50, na hiyo si namba ya kubuni: kwa miamba ya mbali ya Misri kama Brothers na Daedalus, waendeshaji huomba kuona mbizi 50 kwenye daftari kabla ya kukupandisha botini.

Maldives inahitaji maneno zaidi, maana ndani yake mna Maldives mbili. Kuna mwamba ulio mbele ya hoteli, ndani ya wangwa, ambako mtu wa mbizi tisa anaweza kuzamia asubuhi na jioni kwa raha. Na kuna milango ya visiwa, wenyewe wanaiita kandu, ambako bahari kuu huingia na kutoka. Maji yakiingia, ni maangavu na papa hukusanyika mdomoni. Yakitoka, hubeba vumbi la wangwa na huweza kukupeleka nje baharini. Sheria ya huko inakomesha uzamiaji wa starehe kwenye mita 30, na boti yenye uongozi mzuri haiivunji.

Halafu kuna majira. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Aprili, maji safi huingia upande wa mashariki wa visiwa, na vijidudu vya baharini hurundikana magharibi. Wakati wa kusi mambo hugeuka. Taa wakubwa wanaoitwa manta hufuata vijidudu, kwa hiyo huhama upande pamoja na upepo. Hili ndilo jambo ambalo matangazo hayasemi wazi: maji maangavu na wanyama wakubwa mara nyingi hawaji pamoja. Chakula kikiwa kingi, maji yanakuwa kama uji mwepesi. Amua unataka nini. Ukitaka kuona mita 30 mbele yako, chagua msimu wa maji safi na uridhike na samaki wa mwamba. Ukitaka manta, kubali ukungu. Na usibebe ndoto ya kuzamia kwa mtungi katika ghuba ya Hanifaru, ambako manta hujaa kati ya Juni na Novemba. Mitungi imepigwa marufuku humo tangu 2012, na watu huogelea juu tu kwa kipumulio.

Sehemu nyingine zinafungwa kabisa. Visiwa vya Similan vya Thailand hufungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba kila mwaka. Tubbataha ya Ufilipino huendewa kati ya katikati ya Machi na katikati ya Juni tu, kwa boti za kulala. Bei nafuu kuliko kawaida kwenye mwezi wa ajabu ina sababu yake, na sababu hiyo kwa kawaida ni upepo.

Baridi nayo hupuuzwa. Mtu anasoma kwamba maji ni nyuzi 26 anaona ni joto. Kwa mbizi moja, sawa. Kwa mbizi tatu kwa siku, siku ya nne utakuwa unatetemeka, na anayetetemeka hula hewa. Milimita 3 zinatosha kwenye nyuzi 28 au 29. Chini ya 26 vaa 5. Karibu na 20 vaa 7. Kumbuka pia mpira hubanwa na kanieneo, hivyo vazi lenye joto juu ya maji hupoteza sehemu ya joto lake kwenye mita 30. Ukibadili vazi, uzito wa risasi unaofungwa mwilini ili uzame nao unabadilika: vazi nene linaelea zaidi, na mtungi wa alumini unapokaribia kuisha huanza kuvuta juu. Pima uzito wako siku ya kwanza, mtungi ukiwa na bar 50, si ukiwa umejaa. Asiyefanya hivyo hushindwa kutulia mita 5 mwishoni mwa mbizi.

Kwa msomaji wetu wa Agosti, sehemu ya kufikiria ni Bonaire, kisiwa cha Karibi. Iko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga vya Karibi, ambavyo msimu wake ni Juni hadi Novemba. Upande wake wa magharibi umekingwa na upepo, na maji ni ya joto. Maeneo ya kuzamia yameandikwa kwenye mawe ya njano kando ya barabara. Unaegesha gari, unavaa, unaingia majini kwa miguu, na mwamba unaanza baada ya kuogelea kidogo. Mbizi ya kwanza ni ya kupimwa jinsi unavyoelea, na ni sharti la hifadhi. Asione aibu kumwomba mkufunzi siku ya kwanza ya kukumbushia mambo: kutoa maji kwenye miwani, kugawana hewa, kurusha boya la kuashiria. Miaka miwili ni mingi.

Popote utakapokwenda, waandikie wenye boti kabla ya kulipa. Kiongozi mmoja anashuka na watu wangapi? Wanne ni vizuri, wanane ni wengi mno. Oksijeni ipo botini? Chumba cha kanieneo cha kutibia ugonjwa wa wazamiaji kiko umbali wa saa ngapi? Anayejibu hilo la mwisho kwa namba anajua kazi yake. Anayejibu kwamba hakuna ajali kwao, mwache. Soma pia bima yako, kwani bima nyingi za safari huishia mita fulani na hazilipi matibabu ya chumba hicho.

Ukifika, kabla ya kuruka majini, vuta pumzi nne kwenye kidhibiti, kile unachopumulia, huku ukiitazama geji ya mtungi. Mshale ukicheza chini na juu kwa kila pumzi, vali ya mtungi haijafunguliwa sawasawa. Juu ya maji utapumua bila shida. Kwenye mita 20 hewa itagoma. Nusa hewa yenyewe pia. Ikinuka mafuta, usiitumie.

Mwisho ni hesabu ya ndege, maana kupanda ndege mapema mno baada ya mbizi kunaweza kuleta ule ugonjwa wa wazamiaji. Baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima vya kupunguza kanieneo, subiri saa 12. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, subiri saa 18, na wengi husubiri saa 24 kamili, jambo la busara. Kwa hiyo likizo ya siku kumi ni siku saba za majini: siku moja ya kusafiri na kulala, saba za kuzamia, moja ya kukaa ufukweni mitungi ikiwa imerudishwa na vazi likikauka kambani, na moja ya kurudi. Kata tiketi ya ndege ukiwa umeshaipanga siku hiyo ya ufukweni.