Kompyuta Kongwe kwa Bei ya Chini: Maswali Yenu

Swali: Kwa miezi kadhaa nimefuatilia Commodore 64 kwenye minada ya mtandaoni, na kila mara bei inanishinda. Je, zimeadimika kiasi hicho?

Jibu: Hazijaadimika hata kidogo. Commodore 64 ilianza kuuzwa mwaka 1982 na ilinunuliwa kwa mamilioni, hivyo hadi leo haziishi mnadani. Kinachokupandishia bei ni watu wengi kugombea tangazo lile lile lenye jina lililoandikwa sawasawa, picha safi na mnada unaofungwa jioni, wakati kila mtu yuko nyumbani. Wewe tafuta matangazo ambayo wenzako hawayaoni. Andika jina la mashine kwa makosa, kwa mfano “Comodore” au “Commadore”, kisha utafute maneno ya jumla kama “kompyuta ya zamani” au “kibodi na nyaya”, kwa kuwa anayesafisha stoo ya marehemu mara nyingi hajui jina la kitu anachokiuza na hukitoa kwa fungu. Katika fungu la namna hiyo, kibodi ya IBM Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985 na ambayo wapenzi wa kibodi huisaka hadi leo, inaweza kuwa imelala chini ya rundo la nyaya zisizo na thamani. Kabla ya kutaja dau lako, angalia bei zilizolipwa katika minada iliyokwisha kufungwa, si bei zinazoombwa. Bei inayoombwa ni ndoto ya muuzaji, na nimeshaona tangazo lililokaa na ndoto hiyo mwaka mzima.

Swali: Muuzaji ameandika “haijajaribiwa”. Niielewe vipi kauli hiyo?

Jibu: Mimi huisoma kama “imekufa”, na hutoa bei ya mashine iliyokufa. Mara nyingi mwenye kuandika hivyo alikwisha kuijaribu, akaona kioo cheusi, akanyamaza. Hata hivyo mashine iliyokufa si hasara, mradi ujue imekufa kwa ugonjwa gani, na hapo ndipo picha ya ndani inapokuwa na thamani kuliko maelezo yote.

Niliwahi kununua kompyuta ya Amiga 2000 iliyotangazwa kwa picha nne, zote za nje, na kwa nje ilikuwa inang'aa. Nilipoifungua nilikuta betri inayoendesha saa ya kompyuta, kipipa kidogo cha nikeli na kadimiamu kilichochomelewa kwenye bodi karibu na prosesa, imevuja kwa miaka mingi bila mtu kujua. Unga wa kijani ulikuwa umetambaa hadi kwenye soketi ya prosesa, na njia za shaba, nilipozigusa kwa ncha ya bisibisi, zilibanduka kama magamba. Tangu siku hiyo siweki dau kabla sijaona picha ya pembe yenye betri. Bodi nyingi za kompyuta za PC zenye prosesa za 286, 386 na 486 zina kipipa kama hicho hicho. Macintosh SE/30 ya mwaka 1989 hutumia betri ya lithiamu ya volti 3.6, ambayo ikizeeka huweza kupasuka na kula bodi nzima, na kapasita zake ndogo, yaani vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme, nazo huvuja. Amiga 1200 haikutoka kiwandani na betri ya saa, lakini kapasita zake zina tabia hiyo hiyo. Bodi ikiwa safi, “haijajaribiwa” inageuka kuwa neno zuri sana, kwa sababu limewafukuza washindani wako.

Swali: Je, nikiipokea niichomeke mara moja?

Jibu: Usithubutu. Adapta ya asili ya Commodore 64 hutoa volti 5, na kirekebisha volti kilichomo ndani yake kikifa, volti hupanda na kuua chipu za kumbukumbu ndani ya muda mfupi. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha, na ikizidi volti 5.25 iweke kando. Kwa kweli, hata ikipima vizuri mimi ningenunua adapta mpya, kwa kuwa ya zamani inaweza kuharibika kesho, na gharama hiyo uiingize katika hesabu tangu mwanzo. Kama mashine imetoka Marekani, hakikisha pia kwamba haikutengenezwa kwa umeme wa volti 120 pekee.

Swali: Ganda limegeuka njano. Niache?

Jibu: Nunua. Plastiki za wakati ule zilitiwa kemikali za bromini za kuzuia moto, na mwanga huzigeuza rangi. Mashine haidhuriki, nawe umepata sababu ya kuomba punguzo.

Swali: Nimeona Commodore 64 mbovu kwa bei ya kutupa. Kuna mtego?

Jibu: Muulize muuzaji kama chipu ya sauti, SID, bado imo. Chipu hiyo peke yake hutafutwa mno, na wapo wanaoing'oa, wakaiuza mbali, kisha wakauza ganda kama “mbovu, ya vipuri”. Soketi ikiwa tupu, punguza bei au uondoke. Wala usikimbilie kununua SID pembeni kwa bei rahisi, kwa maana zipo chipu za aina nyingine zilizosuguliwa na kuchapwa jina jipya. Kumbuka pia kwamba SID ziko za aina mbili: 6581 hutumia volti 12 na 8580 hutumia volti 9, kwa hiyo hazibadilishani hivi hivi. Na aliyeniuliza kuhusu Apple I, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, aliyoiona ikiuzwa kwa bei nafuu, ajue kwamba zilitengenezwa takriban 200 tu, kuanzia mwaka 1976. Aliyoiona ni nakala.

Swali: Kiwambo cha kioo kizito kinaweza kutumwa kwa posta?

Jibu: Kinaweza, na mara nyingi hufika kimevunjika shingo ya nyuma, ambayo ni kioo chembamba sana. Kama huwezi kukifuata mwenyewe, mwambie muuzaji akutumie kompyuta pekee ndani ya sanduku mbili, na akupunguzie thamani ya kiwambo anachobaki nacho.