Barua kwa mwanangu: mchukue yule mpole

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nasi hatujambo. Unasema umeonyeshwa maksai wawili, madume waliohasiwa, wa miezi minane. Mmoja ni mkubwa, ana kifua kipana, ila hakubali mtu amsogelee. Mwenzake ni mdogo kidogo, mpole. Maonyesho ya mifugo yamebaki miezi mitano, wewe hujawahi kuingia uwanjani na ng'ombe wa nyama, na wenzako wote wanakwambia uchukue yule mkubwa. Mimi nasema mchukue yule mpole. Lakini kabla ya kutoa pesa, rudi ukamtazame miguu.

Nenda asubuhi kabla hajalishwa, tumbo likijaa humdanganya mtu. Mwombe mwenye ng'ombe amtembeze kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, nawe simama ubavuni. Angalia kwato ya nyuma inakanyaga wapi. Ikiangukia kwenye alama ya kwato ya mbele, au karibu nayo, huyo anatembea vizuri. Ikiishia mbali nyuma, hatua zikawa fupifupi, ana ugumu kwenye bega au kwenye mguu wa nyuma, na ugumu huo utaongezeka kila anapoongeza uzito. Halafu mtazame kwa nyuma. Miguu iwe imeachana, inashuka wima, na paja la ndani limejaa. Ng'ombe anayesimama miguu imebanana hana nyama ya kutosha pale penye thamani. Mgongo uwe umenyooka toka bega hadi mkiani. Unene usikusumbue sana, chakula kitauleta. Mifupa ya ng'ombe hutaibadilisha wewe wala daktari.

Sasa upole. Mwamuzi ana dakika chache tu kwa kila mnyama, na ng'ombe anayerusha kichwa na kuzunguka hawezi kuonekana alivyo, hata kama ni mzuri kuliko wote. Tena hofu huingia mpaka kwenye nyama. Ng'ombe aliyehangaika muda mrefu kabla ya kuchinjwa huwa amemaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, ngumu na kavu. Kwa hiyo kumtuliza mnyama ni sehemu ya kutengeneza nyama nzuri, na ndiyo kazi itakayokula siku zako nyingi kuliko chakula na kuosha.

Anza na hatamu wiki hiyohiyo atakapofika. Ukanda wa puani ukae juu ya mfupa, chini kidogo ya jicho, usishuke kwenye sehemu laini karibu na matundu ya pua, maana hapo utamziba pumzi. Kamba itokee chini ya kidevu upande wake wa kushoto, kwa sababu huko ndiko utakakotembea siku zote. Siku za mwanzo mfunge kwenye nguzo imara, kamba iwe fupi na ifike usawa wa kichwa chake, kwa fundo linalofunguka ukilivuta mara moja. Nusu saa yatosha. Wala usimwache peke yake hata dakika moja, maana ng'ombe aliyefungwa akianguka anaweza kujinyonga.

Kutembea ndipo wanaoanza wanapokosea, nami nilikosea. Wa kwanza wangu nilimvuta kwa nguvu zangu zote, naye akakita miguu na kuegemea nyuma. Ng'ombe wa kilo 250 ukishindana naye kuvutana, atashinda kila siku. Aliyenifundisha alinyang'anya kamba mkononi mwangu, akaikaza kidogo tu, akasimama kimya. Tulingoja. Nikaona sikio limegeuka, kisha shingo ikalegea, kisha mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka na kukanyaga hatua isiyozidi shibiri. Papo hapo kamba ikalegezwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ng'ombe anajifunza kamba inapolegea. Anapokubali kidogo, nawe mpe nafuu mara moja. Ukichelewa, hajui amesifiwa kwa lipi. Dakika ishirini kila siku zitakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi.

Kumbuka pia anavyoona. Macho yake yako pembeni, huona karibu pande zote isipokuwa moja kwa moja nyuma yake na sehemu ndogo mbele ya pua. Msogelee kwenye bega huku ukisema naye, ndipo mkono umguse. Akishazoea, mletee kelele kidogo kidogo: redio, watoto, mwamvuli, mtu mgeni wa kumpapasa mbavu. Huyo mtu mgeni usimsahau, mwamuzi naye atampapasa kutafuta mafuta kwenye mbavu za mwisho, na mnyama ambaye hajawahi kuguswa na mwingine ila wewe ataruka.

Kwato. Hapa nakuomba unisikilize sana. Mwaka wangu wa kwanza nilimwita mtu akate kwato siku tatu kabla ya maonyesho, nikidhani nampendezesha mnyama. Zilikatwa fupi mno. Aliingia uwanjani akichechemea, kila hatua kichwa kikishuka, na mimi niliendelea kumzungusha kwa sababu niliona haya kutoka. Bado inaniuma. Kwato zikatwe wiki nne hadi sita kabla, na mtu anayeijua kazi hiyo, ili akiumia apate muda wa kupona.

Chakula nitakwambia kwa ufupi. Nyasi kavu nzuri ndizo msingi, nafaka uziongeze polepole kwa muda wa wiki mbili. Ukizimwaga ghafla, tumbo lake kubwa litajaa tindikali, ataharisha, ataacha kucheua, na hata kwato zinaweza kuvimba na kuuma. Maji safi yasikosekane. Kila baada ya wiki mbili mpime kwa tepu: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, utapata kilo kwa makadirio. Kifua 150 na urefu 120 ni kama kilo 249. Akiongeza kilo moja kwa siku, mshukuru.

Kuosha kunategemea manyoya. Ng'ombe wa aina ya Angus na Hereford wana manyoya marefu, hao huchanwa kuelekea juu na mbele ili wajae. Kama huyo wako ana damu ya Boran au Brahman, manyoya mafupi, brashi ya kila siku inatosha mpaka ngozi ing'ae. Ukiona mabaka ya duara yasiyo na manyoya, mwite daktari wa mifugo mapema. Mapunye huambukiza wengine, na wewe pia, na mnyama mwenye mapunye huzuiwa mlangoni. Dawa yoyote utakayompa, andika tarehe, maana kila dawa ina siku zake za kungoja kabla nyama haijaliwa.

Uwanjani, mkono wa kulia ushike kamba karibu na kidevu, iliyobaki ikunje mkononi, usiizungushe kiganjani kamwe, akitimka ataondoka na vidole vyako. Acha nafasi ya urefu wa ng'ombe mmoja mbele yako. Ukisimama, mgeukie, kamba ihamie kushoto na fimbo kulia. Miguu ya mbele iwe sambamba, wa nyuma ulio upande wa mwamuzi urudi nyuma kidogo. Fimbo ni ya kugusia kwato zisogee, na ya kumkuna tumbo taratibu. Ukimkuna vizuri utaona kope zinashuka. Jicho lako moja liwe kwa mwamuzi, jingine miguuni. Akiuliza umri, uzito na anachokula, jibu kwa kifupi na kwa ukweli.

Kuna jambo hukuniuliza. Maksai hafugwi kwa uzazi. Baada ya maonyesho huyu ataenda machinjioni, na wewe utakuwa umemgusa kila siku kwa miezi mitano. Usiku ule wa kwanza mimi nilirudi na hatamu tupu nikakaa nayo mlangoni. Nililia, na sikuona kosa kulia. Kama unadhani hutaweza, niambie sasa, tutafute mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, badala yake. Mtamba utarudi naye, ila umtenge na wenzake kwa wiki tatu usije ukawaletea ugonjwa alioupata kule. Mtamba huhukumiwa tofauti pia, hutazamwa kama ng'ombe atakayezaa na kunyonyesha.

Basi kesho ukirudi kwa yule mwenye ng'ombe, beba tepu. Niandikie vipimo vyote viwili, na uniambie kwato ya nyuma ilikanyaga wapi.

Mama yako