Cheti cha uraia cha 1822 hakitaji kijiji: karatasi nyingine zitafutwe wapi?

SWALI: Naishi Boston, na mume wangu ni Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Kwenye karatasi za ukoo wao kuna cheti cha uraia cha Septemba 1822, kilichotolewa na mahakama ya Common Pleas ya kaunti moja ya Pennsylvania, jirani na Philadelphia. Kina jina, maneno "mzaliwa wa Ireland", tarehe na mhuri, basi. Wazee wao husema mtu huyo alishuka Philadelphia mwaka 1816 akiwa na mdogo wake wa miaka 14. Tunataka kujua walitoka kijiji gani. Huyo mdogo mtu hatumwoni kwenye daftari lolote, na mke wa mwenye cheti naye hayumo. Tuliuliza idara ya uraia ya serikali kuu, tukajibiwa hawana kitu cha zamani kiasi hicho. Je, kumbukumbu zilipotea?

JIBU: Sidhani kama zimepotea, dada. Mmebisha hodi nyumba ambayo si yake. Serikali kuu ya Marekani ilianza kushika kumbukumbu za tajnisi, yaani za wageni kupewa uraia, tarehe 27 Septemba 1906. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya mahakama, na mahakama zenyewe zilikuwa nyingi: za shirikisho, za jimbo, za kaunti, hata mahakama ya meya wa mji. Sheria ilitaka tu mahakama iwe ya kumbukumbu, yenye karani na mhuri. Ukiacha kipindi kifupi cha sheria ya 1798, ambapo makarani waliagizwa kupeleka muhtasari kwa Waziri wa Mambo ya Nje, karatasi zilibaki pale pale zilipoandikwa. Kwa hiyo swali la kwanza daima ni mahakama gani, na ninyi jibu mnalo tayari kwenye mhuri wa cheti.

Sasa kuhusu hicho cheti. Katika karatasi zote za tajnisi, cheti ndicho maskini kuliko zote. Mwenyewe alikichukua akaondoka nacho ili akionyeshe siku ya kupiga kura au kununua ardhi, na kwa kazi hiyo jina na tarehe vilitosha. Habari mnazozitafuta zilibaki kwa karani. Mume wako ana bahati ya mwaka: mtu aliyefika 1816 na kuapa 1822 ameangukia katika miaka ambayo sheria ilidai maelezo mengi kuliko wakati mwingine wowote kabla ya 1906.

Sheria iliyotumika ni ya tarehe 14 Aprili 1802. Ilimtaka mgeni awe amekaa nchini miaka 5, mmoja kati ya hiyo katika jimbo husika, na awe ametoa tamko la nia ya kuwa raia angalau miaka 3 kabla ya kuapa. Hesabu yenu basi ni hii: aliyeapa Septemba 1822 alitoa tamko lake Septemba 1819 au kabla, wala si lazima liwe kwenye mahakama ile ile. Zaidi ya hapo, sheria ilimtaka mgeni ajiripoti kwa karani ili aingizwe kwenye daftari: jina, mahali alipozaliwa, umri, taifa, mfalme anayemtii, nchi aliyohama na mahali anapokusudia kukaa. Wengi hawakujiripoti siku ya kushuka melini. Walingoja siku ya tamko, wakamaliza yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Halafu ikaja sheria ya tarehe 22 Machi 1816. Hii ilisema kwamba yeyote aliyefika baada ya tarehe 18 Juni 1812, siku Marekani ilipotangaza vita dhidi ya Uingereza, aonyeshe mahakamani cheti cha ripoti na cheti cha tamko, na vyote viwili vinukuliwe kwa ukamilifu katika kumbukumbu za mahakama. Mtu wenu yumo. Kama karani alifuata sheria, basi ndani ya jalada la 1822 kuna ripoti nzima. Mfano wa inavyosomeka, kwa Kiswahili: "Alizaliwa kaunti ya Tyrone, Ireland, umri miaka 29, wa taifa la Ireland, utii wake ni kwa Mfalme wa Great Britain na Ireland, amehama kutoka Ireland, anakusudia kukaa Pennsylvania." Mara nyingi hutajwa kaunti tu, mara nyingine parokia au mji, na ukipata karani mvivu utakuta "Ireland" peke yake. Neema hiyo haikudumu. Sheria ya tarehe 24 Mei 1828 ilifuta ripoti, na kuanzia hapo hadi 1906 Mwairishi wa kawaida anaonekana kama jina, tarehe na mfalme aliyemkana alipoapa.

Mkiandikia mahakama, kumbukeni kwamba Pennsylvania karani wa Common Pleas huitwa "prothonotary". Kaunti nyingine zimeshahamishia madaftari yao kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, kwa hiyo ulizeni kwanza yako wapi. Msiombe "cheti", mtaletewa nakala ya kile mlicho nacho. Ombeni jalada zima, pande zote mbili za kila karatasi, na mtaje kwa Kiingereza chao: "petition" (ombi), "declaration of intention" (tamko la nia), na "report and registry" (ripoti na kuandikishwa). Ombeni pia ukurasa wa daftari la vikao wa siku hiyo. Tajeni jina kwa tahajia zote mnazozijua, mwaka wa kuzaliwa kwa makisio, na muhula wa mahakama, yaani kipindi cha vikao vyake. Upande wa nyuma msiudharau. Karatasi zilikunjwa mara tatu na kufungwa kwa utepe, na karani aliandika mgongoni jina, muhula na namba, ambavyo pengine ndani havimo.

Tamko la 1819 likiwa halimo kwenye jalada, litafuteni Philadelphia, maana wengi walioshukia pale walitoa tamko kabla ya kuhamia kaunti za jirani. Kuna faharasa iliyotengenezwa na mradi wa serikali wa kuwapa watu ajira enzi za Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, inayounganisha mahakama za mji huo kuanzia 1789 hadi 1880. Imepangwa kwa alfabeti, na inachanganya matamko na viapo pamoja. Hapo ndipo watu wengi hujikwaa: wanaona mwaka, wanadhani ni mwaka wa kuwa raia, kumbe ni wa tamko. Angalieni kila mstari unahusu karatasi ipi. Mahakama za shirikisho za mji huo, nyaraka zake ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, tawi la Philadelphia.

Karatasi ikifika, isomeni kwa kuishuku kidogo. Anzeni na mfalme. George III wa Uingereza alifariki tarehe 29 Januari 1820, kwa hiyo kiapo cha 1822 kinapaswa kumkana George IV. Kikimkana George III, karani alinakili kutoka tamko la zamani au alitumia fomu iliyochapwa zamani. Si ushahidi kwamba tarehe ni ya uongo. Mwaka unaweza kuandikwa kwa mahesabu ya uhuru: Septemba 1822 ni "mwaka wa 47 wa uhuru wa Marekani", kwa sababu wanahesabu kuanzia tarehe 4 Julai 1776. Majina yamefupishwa: "Jno" ni John, wala si Jonathan, "Jas" ni James, "Patk" ni Patrick. Na ile herufi ndefu inayofanana na f ni s. Ndiyo maana faharasa za mtandaoni zina watu wenye majina ya ajabu ambao hawakuwahi kuishi.

Msomeni shahidi pia. Sheria ya 1802 ilikataza muda wa kukaa nchini uthibitishwe kwa kiapo cha mwombaji mwenyewe, kwa hiyo alileta mtu anayemfahamu: shemeji, mwajiri, mtu wa kwao. Shahidi huyo naye akiwa mzaliwa wa Ireland, lifunueni jalada lake. Mara nyingi kijiji kilichokosekana kwa mmoja kimetajwa kwa mwenzake.

Sasa yule mdogo mtu. Aliyeingia 1816 na miaka 14 alitimiza 21 mwaka 1823. Sheria ya tarehe 26 Mei 1824 iliwafungulia njia ya mkato walioingia wakiwa watoto: aliyekaa nchini miaka 3 kabla ya kufikisha 21, na jumla ya miaka 5 kwa yote, aliweza kutoa tamko na kuapa siku moja, kwenye karatasi moja. Kwa hiyo mkitafuta tamko lake la mapema mtakesha bure. Huenda halikuwapo kamwe. Tafuteni karatasi moja kuanzia katikati ya 1824 na kuendelea, yenye maneno kwamba kwa miaka 3 iliyopita ilikuwa nia yake ya dhati kuwa raia. Tahadhari ni moja: kwa kuwa njia hiyo ilikuwa rahisi, watu wazima nao waliipitia kwa kudanganya umri. Umri unaotajwa humo usiwe ndio ushahidi wenu pekee wa mwaka wa kuzaliwa.

Inawezekana pia alihama jimbo. New York City ina nakala za picha za karatasi za mahakama zake za 1792 hadi 1906, na majimbo manne ya New England, likiwemo lenu la Massachusetts, yana za 1787 hadi 1906. Hizo za New England ziko tawi la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa lililoko Waltham, si mbali nanyi. Ni picha ndogo zilizogeuzwa rangi, maandishi meupe juu ya weusi. Faharasa yake ni ya Saundeksi, yaani herufi ya kwanza ya jina na tarakimu tatu za konsonanti zinazofuata, ili tahajia zinazofanana kwa sauti zikae pamoja. Reilly na Riley wote ni R400, hapo hakuna tabu. Tabu ni ile O ya mwanzoni: O'Reilly ni O640, droo nyingine kabisa. Waairishi waliivaa na kuivua O hiyo kama kofia, kwa hiyo tafuteni kote kuwili.

Na kuna uwezekano mwingine ambao watafiti huuchukia: hakuwa raia kabisa. Tajnisi haikuwa lazima. Wapo walioishia kwenye tamko, na wapo ambao hata hilo hawakulitoa. Orodha za mizigo ya abiria waliofika Philadelphia zipo tangu 1800, miaka 20 kabla ya orodha za abiria kuwa sheria katika bandari zote, hivyo huenda ndugu hao wawili wameandikwa pamoja mwaka 1816.

Mke hayumo kwa sababu hakutarajiwa kuwemo. Kuanzia tarehe 10 Februari 1855 mwanamke aliyeolewa na raia aliupata uraia moja kwa moja kupitia mume, bila karatasi yake. Kabla ya hapo wanawake wachache waliomba wenyewe, hasa wajane. Sheria ya 1804 iliruhusu mjane na watoto wa mgeni aliyekufa baada ya kutoa tamko wawe raia kwa kuapa tu, kwa hiyo jina la mwanamke likionekana, angalieni kama kuna mume aliyefariki nyuma yake. Watoto walio chini ya miaka 21 na wanaoishi nchini walifuata uraia wa baba.

Msishtuke mkikuta mwombaji ameitwa "mtu mweupe aliye huru". Hayo ni maneno ya sheria tangu 1790. Mlango huo haukufunguliwa kwa watu wa asili ya Afrika hadi 1870.

Mkipata kaunti au parokia, ndipo mvuke upande wa pili, na huko ndiko mtaona thamani ya karatasi ya Pennsylvania: ofisi ya kumbukumbu ya Dublin iliungua tarehe 30 Juni 1922, na sensa za 1821 hadi 1851 nyingi zilikwenda na moto. Familia ikiwa ya Kikatoliki, madaftari ya parokia yanasomeka bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland, ingawa parokia nyingi hazina ya kabla ya 1816. Kwa walioachwa nyumbani kuna vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, vinavyotaja wakulima kwa jina na kitongoji. Jina la mahali lilisemwa kwa lafudhi ya Ireland na kuandikwa na karani wa Pennsylvania aliyelisikia kwa mara ya kwanza. Lisomeni kwa sauti kabla ya kulitafuta kwenye ramani.