Maswali Yenu: "Wametuzuia mpakani"

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni afisa biashara katika halmashauri moja hapa Dodoma. Nimetoka kwenye mafunzo ya siku tano ya kuchambua vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vizuizi vya biashara mbali na ushuru. Tumepewa jedwali linaloyapanga masharti ya biashara kwa herufi A hadi P, daftari limejaa. Lakini mfanyabiashara wa Kibaigwa aliponiambia, "Mahindi yetu wameyazuia mpakani," sikujua nianzie wapi.

JIBU: Marahaba mwanangu, mbukwa. Jedwali hilo la UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, usilichukie. A ni afya ya watu, wanyama na mimea. B ni masharti ya kiufundi. P ni masharti ambayo nchi inajiwekea yenyewe kwa bidhaa zinazotoka. Nimelifundisha mara kadhaa, na tukifika P darasa zima huanza kutazama saa. Nadhani ni kwa sababu hapo ndipo vilipo vibali vyetu wenyewe.

Ila jedwali ni kabati tu. Faili unalipata Kibaigwa. Kaa na huyo bwana kwenye magunia yake umuulize: lori liliondoka lini, lilisimama kituo gani, siku ngapi, alilipa nini, alionyeshwa karatasi gani? Kama hakupewa karatasi, andika hivyo hivyo, maana hilo nalo ni zito. Mimi ujanani nilipeleka kikaoni ripoti ndefu yenye neno "usumbufu" kila ukurasa. Mwenzangu wa upande wa pili akaniuliza swali moja: "Lori gani?" Nilitamani meza inifunike.

Ukishapata hayo, tenganisha sharti na kikwazo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti, cheti cha kipimo kikiwemo. Wengi tulikilalamikia kiwango chenyewe. Tulikosea. Mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi ni kiwango cha Afrika Mashariki nzima, nasi tumo. Tena sisi wa kanda hii ndio wa mwisho kukibeza: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Cha kulalamikia kilikuwa kufungia nchi nzima badala ya kupima lori kwa lori. Kwa hiyo muulize pia huyo bwana alianika wapi mahindi yake. Kama ni chini kwenye vumbi, hiyo kesi haijafika mpakani bado.

SWALI: Nikishaandika, napeleka wapi?

JIBU: Wizara ya Viwanda na Biashara, pale Mtumba, kwa wanaosimamia kamati ya kitaifa ya vikwazo hivi. Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ina sheria yake ya mwaka 2017 ya kuviondoa. Mfanyabiashara mwenyewe pia anaweza kuripoti mtandaoni, kwenye mfumo wa pamoja wa EAC na jumuiya jirani za COMESA na SADC. Akae nawe mjaze pamoja, na risiti ziwe mezani.