Kabla hujaongeza ukurasa mwingine kwenye saiti yako

Assalam aleikum wadogo zangu. Hapa naongea na nyie mnaoanza kushika saiti za watu, za gesti, za maboti, za maduka, hata za madrasa, manake meseji ninazopata karibu zote zina swali moja, nifanyeje saiti ikue haraka. Nataka nianze na hilo neno haraka kwa sababu ndo lililonitesa mimi.

Saiti ninayoishughulikia hapa Lamu ni ya malazi na safari za mashua. Ilianza na kurasa tisa tu. Jinsi ya kufika, kijiji cha Shela, magofu ya Takwa, ngome ya Lamu, na nyingine chache, na kila moja niliiandika baada ya kwenda mwenyewe nikauliza. Ilikuwa inakua polepole lakini simu zilikuwa zinalia. Halafu mtu mmoja anaejua kuongea akaniambia Google wanapenda saiti kubwa, tamaa ikanishika, mwaka haujaisha nina kurasa zaidi ya 600. Mnajua nilizipataje? Maneno yale yale, nabadilisha jina la kijiji tu. Gesti za bei nafuu Shela, gesti za bei nafuu Matondoni, gesti za bei nafuu Kipungani, halafu narudi mwanzo tena na "nyumba za kupanga", tena "za familia", tena "za fungate". Mgeni anafungua ukurasa wa Matondoni hakuti hata gesti moja ya Matondoni, anarudi alikotoka.

Miezi ya kwanza namba za wageni wa saiti zilipanda kweli, na hapo ndo penye mtego, unaona grafu inapanda unajipongeza. Baadae zikaanza kushuka, na sio zile kurasa mpya peke yake, hata zile tisa za mwanzo zilizokuwa zinaleta riziki zikazama nazo. Google sa hizi wanalisema wazi, tangu Machi 2024 iko kwenye sera zao kwamba kutengeneza kurasa kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo ni taka, iwe umeandika kwa mkono au kwa mashine, kwa hivo wale mnaosema mtaandikiwa na AI kurasa mia kwa usiku mmoja nawaomba sana muache.

Kusafisha ndo kulikonifunza kazi, kuliko kujenga. Nilichapa orodha ya kurasa zote kwenye karatasi nikaigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zinazobaki. La pili ni zenye kitu kizuri kidogo ndani yake, hizo nilichukua kile kizuri nikakitia kwenye ukurasa mkubwa, na ile anwani ya zamani nikaiwekea 301, yaani unaiambia mashine ukurasa huu umehama kabisa, ufuateni kule. La tatu ni za kufuta, na ukifuta acha zionyeshe kwamba hazipo. Usizielekeze zote ukurasa wa mwanzo kama nilivofanya mimi siku ya kwanza, mtu alikuwa anatafuta Kipungani unamtupa mlangoni hata hajui kafikaje, na Google nao wanaihesabu kama ukurasa usiokuwepo tu. Nilibaki na kama 70. Wallahi iliniuma kufuta, lakini baada ya miezi saba hivi watu walianza kurudi.

Ntawapa mfano wa ukurasa mmoja, wa Takwa. Zamani nilikuwa na kurasa kumi na kitu za Takwa, historia, picha, bei, "safari bora". Nikazifanya moja. Na kitu kilichoufanya usomwe sio historia, ni aya moja niliyopewa na nahodha, kwamba mashua inaingia kwenye ule mkono wa bahari katikati ya mikoko maji yakijaa, kwa hivo saa ya kuondoka haipangwi na hoteli inapangwa na maji, na ukichelewa kurudi maji yakatoka utakaa huko. Mgeni akisoma hivyo anajua anaongea na mtu wa hapa. Kurasa 600 hazikuwa na aya moja kama hio.

Sasa namba. Fungueni Google Search Console, ni bure, inaonyesha watu walitafuta neno gani na wakabonyeza wapi, lakini inakaa na data ya miezi 16 tu kwa hivo kila mwezi pakua uweke kwako. Na msome namba kwa akili ya hapa kwetu. Nimeona vijana Mei wageni wamepungua kwenye saiti, wanaingiwa na hofu, wanabadilisha themu (sura ya saiti), wanabadilisha vichwa vya kurasa vyote, wanaharibu kitu ambacho hakikuwa na shida. Mei ni masika! Hoteli zenyewe nyingine zimefungwa. Usilinganishe Mei na Januari, linganisha Mei na Mei ya mwaka jana. Halafu kuna Maulidi, hii imenichanganya miaka miwili mizima, manake inafuata mwezi wa Kiislamu kila mwaka inasogea nyuma kama siku 11, kwa hivo wageni waliojaa mwezi fulani mwaka jana mwaka huu wanaweza kuja mwezi uliotangulia, ukiangalia kalenda ya kawaida tu utasema saiti inakufa kumbe Maulidi imeshapita. Mi naweka alama kwenye daftari, Maulidi ilianza lini na ikaisha lini, ndo nalinganisha.

Na hesabu ya wageni wa saiti sio hesabu ya kazi. Mwenye gesti anataka kujua wangapi waliuliza chumba kwenye WhatsApp na wangapi walilala. Niandikieni hizo mbili kwanza.

Picha. Hapa ndo saiti nyingi za pwani zinafia. Unapiga picha ya bahari kwa simu, ina MB 5, unaipandisha hivyo hivyo, unaweka kumi kwenye ukurasa mmoja, ofisini kwenye waifai inafunguka vizuri unaridhika. Nenda Mokowe jetini, kule bara wageni wanakopandia boti, simama unasubiri boti kama mgeni anavosubiri, tumia simu ya bei ya chini na bando la kawaida, ufungue saiti yako hapo. Mi nilifanya hivyo nikahesabu mpaka ishirini bado kweupe. Google wanasema kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ukurasa unapofunguka kionekane ndani ya sekunde 2.5. Punguza upana wa picha ulingane na ukurasa, igeuze WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), ukiweza kila moja ikae chini ya KB 200, na andika upana na urefu wake kwenye kodi (yale maandishi ya kompyuta yanayojenga ukurasa) ili maneno yasirukeruke mtu akiwa anasoma. Hakuna kazi nyingine ya siku mbili itakayokulipa kama hii.

Kununua linki, yaani kulipa saiti nyingine ziielekeze kwako, hapana. Google wana miaka mingi wanawasaka wanaofanya hivyo.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize. Kampuni niliyokuwa nimepanga kwao seva, ile kompyuta inayohifadhi saiti, ilipata shida, diski ikaharibika, nikawapigia wakaniambia bekapu, yaani nakala ya akiba, ni juu ya mteja. Bekapu nilikuwa nayo, iko kwenye seva ile ile. Nilikaa wiki tatu nikiandika upya kurasa kutoka kwenye simu na karatasi. Weka nakala tatu, sehemu mbili tofauti, na moja iwe mbali kabisa na seva, na kila baada ya miezi mitatu jaribu kuirudisha uone kama inafunguka, manake bekapu ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama unayo. Domeni pia, yaani jina la saiti, iandikishwe kwa baruapepe ya mwenye biashara, sio ya kijana aliyetengeneza halafu akaenda Mombasa, siku ya kulipia ujumbe unaenda kwake na hakuna anaejua. Na msiweke kopi za pasipoti za wageni kwenye seva kwa sababu tu fomu inaruhusu, Kenya tuna sheria ya data tangu 2019, kama huihitaji usiichukue.

Siku hizi nafanya hivi. Masika ikiingia, mashua zinapandishwa zinatiwa kalafati, pamba na mafuta kwenye kila mwanya kabla hazijarudi majini, na mimi ndo wakati wangu wa kuipandisha saiti. Napitia kila ukurasa, napigia mwenye gesti kuuliza namba ya simu ni ile ile, bei ni ile ile, natafuta linki zilizokufa, nasasisha WordPress (programu inayoendesha saiti) na kutoa plagini (viprogramu vya nyongeza) zisizotumika. Kurasa 70 zinanichukua wiki mbili. Zile 600 zingenichukua kama miezi minne, ndo maana sikuwahi kuzipitia hata mara moja. Na kwenye daftari kila ukurasa una jina la mtu wa kumuuliza na tarehe niliyomuuliza, ukurasa usio na mtu wa kumuuliza siuandiki.

Mwaka huu nimeongeza kurasa nne. Wa tano ni wa Kipungani, bado uko kwenye daftari, nasubiri siku ya kwenda.