Kampuni zimefungwa, lakini nyaya hazijang'olewa

Mleta uzi, pole kwa yaliyokukuta. Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu ameachishwa kazi na kampuni changa ya usafirishaji Nairobi. Ana akiba ya miezi michache, anajua kuandika programu, na rafiki zake wanamwambia teknolojia Kenya imekwisha. Wanamtajia Sendy, kampuni ya kupeleka mizigo iliyofungwa 2023, na Copia, iliyokuwa ikipeleka bidhaa vijijini, iliyowekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 baada ya kukusanya zaidi ya dola milioni 100. Swali lake: aanzishe chake cha kupeleka mizigo kwa pikipiki, au atafute mshahara wowote apate usingizi?

Waliojibu juu yangu wamegawanyika, nusu "Mungu yupo", nusu "kimbilia Kanada". Mimi nina matumaini, tena makubwa, ila sitegemei wawekezaji warudi, wala siamini kwamba shida humwongezea mtu akili. Shida humwongezea njaa tu. Matumaini yangu yametokana na nilichokishuhudia Mombasa kati ya 2008 na 2010: pesa zikikimbia, vilivyojengwa kwa pesa hizo havikimbii nazo. Hubaki pale pale, na baada ya muda bei yake hushuka hadi mtu wa kawaida akavifikia.

Nilikuwa na saiba, duka la kukodisha intaneti, Mwembe Tayari, shilingi moja kwa dakika. Kama wakati huo ulikuwa shule ya msingi, labda unachokumbuka ni ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama njiani, Uganda na Rwanda zikalia na uhaba wa mafuta. Huku pwani hoteli zilibaki na walinzi na paka. Uchumi uliokuwa ukikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007 ulishuka chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata. Hatujapumua, mabenki ya Marekani na Ulaya yakaanza kuporomoka, na mtalii aliyekuwa amesalia akaghairi safari. Mwaka 2009 mvua nayo ikagoma. Maji ya bwawa la Masinga yakapungua hadi mitambo ikazimwa, tukaingia kwenye mgao wa umeme. Mwenye saiba bila jenereta alikuwa anauza viti.

Kwa hiyo nikisikia kwamba hali haijawahi kuwa mbaya kama hii ya shilingi kufika 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, nacheka kidogo.

Sasa tazama kilichokuwa kikitokea chini ya hayo yote. Januari 2008 maduka mengi yalikuwa yamefungwa na kadi za kukwangua hazipatikani. Watu wamekwama Eldoret na Naivasha, jamaa zao wako huku, na njia ya kuwasaidia ilikuwa kuwasambazia kredi au kuwatumia pesa kwa simu. M-Pesa ilikuwa haijatimiza hata mwaka, ilizinduliwa Machi 2007. Tena haikubuniwa kwa kazi ile. Majaribio ya 2005, yaliyofanywa na Vodafone kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, yalikuwa ya watu kulipa kwa simu mikopo midogo ya taasisi iitwayo Faulu. Wale wateja wa majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na hapo ndipo bidhaa yenyewe ilipozaliwa. Mwisho wa 2007 wateja walikuwa milioni moja na ushei. Mwisho wa 2009 walikuwa wamepita milioni nane. Angalia tena miaka hiyo: ndiyo ile ya njaa na mgao.

Hapa naomba nichepuke kidogo, maana watu huchanganya kampuni na kile kampuni inachokiacha mtaani. Juni 2008 hisa za Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, ziliingia sokoni kwa shilingi 5. Nchi nzima ilipiga foleni. Jirani yangu muuza viatu alichukua mkopo benki kuzinunua. Mapema 2009 hisa hiyo ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 3, na benki haijui habari ya subira. Mama wa duka la nguo, mlango wa tatu kutoka kwangu, hakununua hata hisa moja. Aliweka meza ndogo, akatafuta floti, yaani pesa za kuzungusha, akawa wakala wa M-Pesa. Wote wawili waliamini kitu kile kile kitakua, na wote hawakukosea, kwa sababu waliozishika hisa zile zaidi ya miaka kumi walikuja kuneemeka. Ila mama yule alikuwa analipwa kila jioni, na muuza viatu alikuwa anadaiwa kila mwisho wa mwezi.

Sasa nyaya zenyewe, za intaneti. Kabla ya Juni 2009 intaneti yetu yote Afrika Mashariki ilikuwa ya setilaiti, maelfu ya dola kwa megabiti moja kwa mwezi. Wengi tulikuwa tunagawana laini moja nyembamba na kumwambia mteja avumilie, picha itafunguka. Serikali ilichoka kusubiri EASSy, mradi wa pamoja wa mkonga wa chini ya bahari uliokuwa ukisuasua, ikaamua kuvuta waya wake, TEAMS, kutoka Fujairah kule Emarati hadi Mombasa. Ulifika Juni 2009, Rais Kibaki akaja Fort Jesus kuupokea. Mkonga mwingine, SEACOM, ukawashwa Julai mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Maamuzi hayo yalifanywa siku za neema, na meli ya kulaza waya haikugeuza njia kwa sababu uchumi umeanguka. Sisi tulikuwa tunahesabu senti huku mkonga unapanda ufukweni.

Wapo watakaosema bei zilishuka siku ya pili yake. Hazikushuka. Wauzaji wa intaneti walishika bei zile zile wakatuambia wanatuongezea kasi, na malalamiko yalikuwa mengi kweli. Kilicholegeza kamba ni ushindani na maamuzi madogo madogo yaliyorundikana. Bajeti ya Juni 2009 iliondoa VAT kwenye simu za mkononi. Agosti 2010 mtandao wa simu wa Zain ulikata bei ya kupiga simu hadi shilingi 3, baada ya tume ya mawasiliano kupunguza ada ambazo mitandao ilikuwa ikitozana, na wengine wakalazimika kushuka nayo. Mwaka 2011 ikaja Huawei IDEOS, simu ya Android kwa takriban shilingi 8,000. Ukiviweka pamoja vyote hivyo, ndipo unaelewa kwa nini iHub, ukumbi wa waandishi wa programu uliofunguliwa Ngong Road Nairobi Machi 2010, ulijaa vijana. Ushahidi, programu iliyoandikwa kwa haraka Januari 2008 kuweka ripoti za ghasia kwenye ramani, ilikuwa tayari imetumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Na Nick Hughes, aliyekuwa upande wa Vodafone wakati wa kuianzisha M-Pesa, akaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa M-Kopa, wakauza taa za sola kwa malipo ya shilingi 40 kwa siku. Biashara ile isingewezekana hata kidogo bila M-Pesa kuwa imekwisha kuzoeleka, kwa sababu hakuna mtu wa kukusanya shilingi 40 kijijini kwa baiskeli.

Na saiba yangu? Ilikufa. Mkonga ule ule niliokwenda kuushangilia ndio ulioiua: mteja akanunua modemu, halafu simu, halafu hakuja tena. Nayasema haya kwa sababu matumaini kuhusu teknolojia si matumaini kuhusu duka lako. Sikuwa peke yangu, mtaa mzima wa masaiba uligeuka kuwa wa kutengeneza simu.

Nilichobaki nacho ni kujua mitandao na kuandika programu ndogo za hesabu. Wakati huo wenye maduka ya jumla walikuwa wanapokea malipo mengi kwa simu, na jioni hawajui nani kalipa nini. Meseji feki zilikuwa zimezagaa. Mfanyakazi anampa mteja namba yake mwenyewe badala ya namba ya duka. Mwenye duka la dawa anakaa hadi usiku na daftari, analinganisha meseji moja moja na mauzo. Nikaanza na duka moja la dawa, nikawaandikia kitu kisicho na urembo wowote: mauzo upande huu, malipo upande huu, yasiyolingana yawe mekundu. Nililipwa kidogo, lakini kila mwezi. Kuunganisha programu na M-Pesa yenyewe kulikuwa mateso kwa mtu mdogo hadi Safaricom ilipofungua Daraja, mfumo wake wa kuunganishia, mwaka 2017, na siku hizo nikawa na wateja wa kutosha kwenye masoko ya Kongowea na Marikiti kuajiri vijana wawili.

Sitaki mtu anisome kana kwamba kila kilichoota baada ya 2008 kilikuwa cha heri. Juu ya barabara ile ile ya malipo zilipita programu za mikopo ya haraka zilizowapigia simu mashangazi wa wadaiwa kuwaaibisha, hadi sheria ikabadilishwa 2021 ili Benki Kuu iwape leseni. Na kamari pia. Njia ikiwa rahisi hupitwa na kila mtu.

Sasa kuhusu wewe. Pesa za wawekezaji zilikuja kwa wingi kwa sababu riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 ikapandishwa hadi zaidi ya asilimia 5, na mtu anayeweza kupata faida hiyo akiwa amelala hana haja ya kupeleka sukari vijijini kwa hasara. Hilo halikuhusu uwezo wako. Lakini jiulize wamekuacha na nini. Wamekuacha na madereva wa bodaboda waliokwisha kuzoea kusoma ramani na kupokea oda kwa simu. Wamekuacha na wenye maduka ambao tayari waliwahi kuagiza bidhaa kwa programu na sasa hawana pa kuagizia. Mkonga mwingine, PEACE, umefika Mombasa 2022. Daraja ipo, na mchana mmoja unatosha kuijaribu. Na wenzako walioachishwa, watu wenye ujuzi ambao mwaka 2021 usingeweza kuwalipa hata nauli, sasa wanapokea simu zako.

Wazo lako la kuanzisha upya huduma ya kupeleka mizigo, na pikipiki zako mwenyewe, liache. Pikipiki ni mafuta, matairi na kesi. Tazama upande wa makaratasi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, haikubaliwi kupunguza kodi, kwa hiyo mwenye duka kubwa anamdai ankara msambazaji wake, na msambazaji mwenye pikapu moja na kalamu sikioni hana habari. Namwona mtu huyo kila wiki. Anapoteza wateja kwa sababu ya karatasi. Ukimfanyia mzigo, malipo na ankara vikae mahali pamoja kwenye simu yake ya bei nafuu, atakulipa mia chache kwa wiki bila kunung'unika, na wewe huhitaji mwekezaji kuanza.

Mshahara, ukiupata wa nusu siku, uchukue. Akiba ya miezi michache ni ndogo, na wateja wa aina hii hulipa vizuri lakini huchelewa kuamini. Mimi duka la pili lilikubali baada ya kuona la kwanza linafunga hesabu mapema. Usiwapelekee maonyesho ya kompyuta. Omba ukae nao jioni moja wanapofunga hesabu, uone wanapokwama, kisha rudi na kitu kinachotatua pale tu.

Kama utakuja Mombasa kujaribu, Kongowea usiende alfajiri, malori yanashusha na hakuna atakayekusikiliza. Nenda baada ya saa tano, uanze na wauza vitunguu na viazi wa jumla. Hao ndio wanaopeleka mahotelini, na hoteli haziwalipi bila ankara.