Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu miaka ya korona

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku Mombasa hatujambo, alhamdulillahi. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma na kuurudia. Umeniuliza: miaka ile ya korona, ukiacha wagonjwa niliowatibu nikiwa daktari, mimi mwenyewe nilijifunza nini kuhusu afya yangu, na lipi nalishika mpaka leo? Hili si la kujibiwa kwa simu mtu akiwa njiani, ndiyo maana nakuandikia.

Kubwa kuliko yote ni presha na sukari. Tangu mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, hofu yetu yote ilikuwa kwenye virusi. Wodini nikaona jingine. Wanaingia watu wawili wa rika moja, homa ni ile ile. Mmoja anarudi kwao, wa pili anapelekwa chumba cha mahututi. Mara nyingi huyo wa pili ana kisukari au presha, na wengine walikuwa hawajui hata kidogo. Damu inachukuliwa kwa ajili ya korona, tunakuta sukari ilishapanda zamani. Liliniuma kwa sababu ni letu hasa watu wa Pwani: chai tamu, mahamri matamu, halwa kila harusi, na mwendo wa miguu tumewaachia tuktuk.

Basi nikanunua mashine ya presha. Hujipima asubuhi kabla ya chai: nakaa kitini dakika tano nimeegemea, miguu yote chini, mkono mezani usawa wa moyo, na babako anajua kwamba wakati huo sisemeshwi. Namba zote mbili zinaingia daftarini. Sukari napima kwa HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, maana kipimo cha asubuhi moja kinaweza kukupa moyo bure. Chai nanywa ya tangawizi bila sukari, na ulimi umezoea. Jioni nikitoka kazini mapema natembea Mama Ngina, kule kando ya bahari, mwendo wa haraka, si wa kupunga upepo.

La pili lilitoka kwa bibi yako. Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilifunga Mji wa Kale, hakuna kutoka wala kuingia. Bibi yumo ndani, na vidonge vyake vya presha vinakaribia kwisha. Mwenye duka la dawa wa humo humo mtaani alimpelekea hadi mlangoni, Mungu amlipe. Wazee wengi wa umri wake waliacha kliniki kwa kuogopa korona, na presha haina kelele: unaweza kuacha dawa ukajiona mzima hadi siku ya kiharusi. Tangu hapo nyumba yetu haikosi dawa za mwezi mmoja mbele, zake na za babako. Hili nawe lifanye.

Kisha kuna suala la kujitibu, na hapa sikubembelezi. Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa iitwayo deksamethasoni inapunguza vifo kwa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Nusu ya pili ya habari watu hawakuisubiri. Dawa ikanunuliwa, ikamezwa nyumbani, na hiyo ni dawa inayopandisha sukari. Upande wa pili nakumbuka mzee mmoja aliyekuja akiongea na simu, anawaambia wanawe hajambo kabisa. Nikamvisha kile kipimo cha kidoleni, oksijeni ikasoma chini ya asilimia 80, kiwango cha hatari. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi na yeye hana habari. Mtu hawezi kuwa shahidi wa mwili wake peke yake, hata akiwa daktari. Kwa hiyo mimi nina daktari wangu, simwandikii dawa mgonjwa anayeitwa mimi, na kila mwaka nakwenda kukaa kwenye benchi nisubiri zamu kama wengine. Tafuta wako huko uliko.

Chanjo nilichomwa mapema, shehena ya kwanza ilipofika nchini Machi 2021, na sijuti. Madirisha ya chumba ninachoonea wagonjwa yako wazi mpaka leo, kwa sababu hewa iliyofungwa hubeba kifua kikuu pia.

Suala la usingizi nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililokuwa gumu. Julai 2020 alipofariki Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza Kenya kuuawa na korona, mimi sikumjua, lakini usiku sikuweza kulala. Nilikuwa nalala chumba cha nje nisiwaletee ugonjwa, chakula naachiwa mlangoni. Babako akawa anatoa kiti uani, anakaa mbali, ananiuliza siku ilikwendaje na kunisikiliza hadi nimalize. Baadaye nilikwenda kwa mshauri nasaha, na kazini nikaanza kukataa zamu mbili mfululizo. Wapo walionuna. Zamu hizo bado nazikataa.

Wewe umeingia kazi ya usiku na umeniambia kichwa kinakuuma asubuhi. Usimeze panadoli ukanyamaza. Pima presha kwa siku saba, asubuhi na jioni, kwa utaratibu niliokuandikia, kisha unitumie namba zote, ya juu na ya chini. Ya juu ikikaa 135 au zaidi, au ya chini 85 au zaidi, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo, nauli na ada nitatuma mimi.

Bibi na babako wanakusalimu.

Mamako